Mpaka Inyamaze

Unaniuliza gramu, Ruwaida,
na simu umeiegemeza kwenye kopo la unga
ili nisikuponyoke.
Gramu sizijui.
Andika: asali ya tende, nyeusi, ya nyumbani,
si ile ya chupa ya kubinya
iliyotiwa maji ya sukari ikapewa jina la watu.

Nilifika hapa Al Hamra mwaka wa sabini na nne
na sanduku la bati lililonuka mdalasini wa Wete.
Kiarabu changu kilikuwa cha msahafuni,
hakikunifundisha kuomba kibiriti.
Mkwe wangu, Bi Ghaniya, alinitazama miguu,
akasema neno, wakacheka wote.
Mpaka leo sijui lilikuwa neno gani.

Kile chumba mnachotia mitungi ya gesi
na baiskeli ya kaka yako
kilikuwa chumba cha makanda.
Sakafu ina mifereji. Umewahi kuuliza kwa nini?
Makanda ya tende za fardi yalipandishwa, moja juu ya jingine,
mpaka yakagusa magogo ya dari,
mlango ukafungwa, na joto la mwezi wa nane likaachiwa kazi.
Hapakuwa na moto, wala mkono wa mtu.
Uzito tu.
Za juu zilizikamua za chini
na asali ikatambaa mferejini
kama mtoto anayepita mbele ya babake aliyelala,
ikaingia kwenye mtungi uliozikwa hadi shingoni.
Mwaka ule na mimi nilikuwa wa chini.

Siku aliyoniita jikoni
alikuwa na sufuria ya asali na samli
na unga wa ngano uliokaangwa ukawa rangi ya udongo wa nyumba hii.
Akanipa mwiko. Akashika sikio lake.
Nikadhani linamuuma.
Akashika langu.
Asali ilitokota, tok tok tok tok, kwa fujo,
kisha tok, tok,
kisha ikawa kama inayotafuta la kusema,
kisha kimya.
"Bas," akasema.
Hilo nililijua! Kwetu ni basi.
Neno letu la kwanza, mimi na yeye,
lilikuwa la kumaliza.

Baadaye nikampikia kaimati.
Kwa mamaangu tulizivingirisha kwenye shira,
iliki, na zafarani ikiwa kuna mgeni.
Sukari ilikuwa imekwisha dukani kwa Mbalushi,
nikazimwagia asali ile ile.
Zilitoka nyeusi kama makaa, nikaona haya,
nikazifunika kawa.
Alikula tisa. Nilizihesabu.
Hakusifu. Alilamba kidole gumba,
na asubuhi nikaukuta ufunguo wa chumba cha makanda
juu ya sanduku langu la bati.

Usiandike hilo, si la upishi.
Au andika.

Na yeye alijifunza neno moja la kwetu, bado,
akalitumia popote lilipoangukia:
bado chai, bado mbuzi, bado mvua.
Wanawake wa falaji walidhani ni jina langu.
Mwisho, alipokuwa hatujui sisi nani,
nilimpaka asali midomoni kwa ncha ya kidole
kwa kuwa kijiko alikikataa.
Nikimuuliza, basi?
Anafumba macho, anafungua mdomo.
Bado.

Haya. Punguza moto.
Samli ikipanda pembeni usishtuke, iache.
Iliki mbili, uzipasue kwa meno kama hakuna anayekuona.
Na simu hiyo ilaze chini, inatazama tu,
kazi hii inataka masikio.
Unasikia?
Hapana, hiyo ni friji.
Njoo karibu.
Bado.